Fomu ya Ngozi Niliyokujazia

Shiko wangu,

Mtoto amelala, ndiyo maana ninaandika. Huyu halali ila gari likinguruma, kwa hiyo nimeegesha nje ya duka la kufulia nguo hapa Richardson, hewa baridi imewashwa, nguo zetu zinazunguka huko ndani, na Nyambu yuko kwa mama anayetulelea watoto hadi saa tisa. Nina kama saa moja. Ukiona nimekatiza sentensi, ujue ameamka.

Huyu mdogo hukumwona. Nilikuwa na mimba yake ya miezi mitatu ulipotuacha, na baada ya mume wangu Kamau wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia, pale Houston, nikiwa nimekushika mguu juu ya blanketi. Ulikuwa umefumba macho. Sijui kama ulisikia. Ni msichana, Shiko. Kwa desturi alipaswa kupata jina la mama yangu, maana Nyambu alishachukua la mama yake Kamau. Nilipiga simu Nakuru nikaomba ruhusa. Mama akasema, "Wanjiku ni jina la mama yangu mimi. Mpe." Basi anaitwa Wanjiku, jina lako kamili. Kanisani wanafikiri ni cucu, bibi yetu aliyetulea. Ni cucu, ndiyo. Lakini nikimwita kutoka jikoni ninajua ninamwita nani.

Miezi kumi na mitano sasa tangu utuache. Tata, mama yako na shangazi yangu, hakurudi tena Dallas baada ya kukuzika Nakuru. Ile nyumba ya Garland tuliyokaa wote aliiacha, akabaki Katy, karibu na Houston, kule alikopanga ili muwe karibu na hospitali, na akapata kazi ya unesi hukohuko. Mimi lile duka la vitanda vya taa, vile vya kutia ngozi rangi, niliacha wiki ileile uliyopewa majibu. Siku hizi ninaosha na kulisha wazee. Kamau bado yuko na lori lake, wiki hii yuko Arizona. Kanisani wamebadilisha viti. Ule wimbo wako wanauimba bado, vibaya vilevile.

Lakini sikukaa hapa kukuandikia habari za viti. Nimemwambia Tata. Nimemwambia yote, hata ile fomu. Ulinikataza, nami nilikutii muda wote huu, na sasa nimevunja. Nisikilize kwanza kabla hujakasirika.

Unakumbuka ile kadi ya wageni? Jumapili yako ya kwanza katika lile kanisa la Wakenya, yule mama wa mlangoni alikupa kadi ya wageni, na ilipofika wakati wa "wageni wetu wasimame tuwaone" akakugusa bega. Ukasimama. Ukasema kwa Kiswahili safi kwamba unaitwa Wanjiku, wa Nakuru, mtoto wa Njeri, na kanisa zima likacheka na kupiga makofi, kama vile paka amesoma Biblia. Mzungu anaongea Kiswahili. Jumapili ya pili akakupa kadi tena. Ya tatu pia. Mimi, niliyekuja Texas juzi tu, hakuna aliyenipa kadi hata siku moja. Walinitazama mara moja wakasogea, nikakaa.

Ulicheka. Ulikuwa unacheka tangu tukiwa wadogo, tulipolala kitanda kimoja kwa cucu na watoto wa jirani wakiimba "mzungu wa Njeri" nje ya dirisha. Baba yako ulimjua kwa picha moja tu, mtu mrefu wa Oklahoma mwenye kofia, na ngozi yake ndiyo aliyokuachia. Ciru, mdogo wako aliyezaliwa huku, naye alipata hiyohiyo. Huku Marekani ukapauka zaidi, maana jua la huku ulilipita ukiwa ndani ya gari, kutoka gereji hadi ofisi, kutoka ofisi hadi gereji. Nilijua unacheka ili wasione. Mimi nilikuwa ninaona.

Kazi yangu pale dukani uliijua. Mteja akitoka, ninaingia na chupa ya dawa na kitambaa, ninapangusa jasho lake kwenye kioo cha kitanda, ninakunja taulo, ninaweka ile miwani midogo juu yake. Chumba kinanuka nazi, na chini ya nazi kuna harufu nyingine, kama nywele zilizopitishwa karibu na moto. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama mpole, shingo yake imekunjamana kama mkoba wa zamani, na alinipa ruhusa ya kutoka mapema Nyambu akiugua. Maonyo yalikuwa ukutani, yamebandikwa kama sheria inavyotaka. Niliyapangusa vumbi kila Ijumaa. Sikuyasoma kama maneno yanayotuhusu sisi.

Wafanyakazi tuliruhusiwa kuleta ndugu mmoja bure. Siku uliyokuja kunichukua kazini, ukasimama pale kaunta ukitazama picha za wasichana wa rangi ya asali, ukauliza, "Na hiki kitu kinaweza kunirudisha nyumbani?" Nikajibu, "Kitakupeleka hadi Naivasha, halafu utatembea." Tukacheka wee. Siku za ruracio ya binamu yetu, ile sherehe ya mahari, zilikuwa zinakaribia, jamaa wote wa Texas wangekuwepo, na ulikuwa umeshaniambia kwamba huwezi tena kusimama kwenye picha ya familia ukionekana kama mtu aliyeletwa kupiga picha.

Nikachukua fomu. Unaikumbuka. Mikono sita iliyochorwa kwa mstari, wa kwanza mweupe kama maziwa, wa sita mweusi kama wangu, na chini ya kila mkono kisanduku cha kutia alama. Wa kwanza: huungua kila mara. Wa sita: hauungui kamwe. Wewe ulikuwa wa pili, Shiko. Wa tatu tukikusukuma. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu kwa sababu ulikuwa umemshika Nyambu. Nikakuuliza, "Nitie wapi?" Ukaitazama ile mikono, halafu ukasema polepole, "Tia kwenye wenu."

Wenu. Neno hilo liliniuma mpaka nikaona haya. Nikakwambia, "Wetu ni wako pia," nikatia alama kwenye kisanduku cha mwisho.

Nilifikiri ninakupa zawadi. Nataka ujue hivyo, na nimemwambia Tata hivyo, si kwa kujitetea. Kule kanisani walikupa kadi ya wageni, na mimi kwenye karatasi yangu nilikuandika mwenyeji. Lakini fomu ile haikuuliza wewe ni wa nani. Iliuliza ngozi yako inaweza kustahimili nini. Mkono wa pili huanza na dakika tatu. Mkono wa sita hupewa kumi na mbili siku ya kwanza. Nikabonyeza kumi na mbili.

Ulitoka mwekundu kama nyanya, ukasema haiumi. Usiku huo ulilala kifudifudi. Mwenye ngozi ya kisanduku cha sita halali kifudifudi, na mimi nilikuletea maziwa lala, yale ya mgando, ya baridi ya kukupaka mgongoni na bado sikuenda kubadilisha ile fomu. Ingekuwa ni kukwambia kwamba yule mama wa mlangoni hakukosea.

Mtoto amegeuka. Hapana, amelala.

Siku ya ruracio ulivaa ile nguo ya kijani. Tata zetu wa Houston walikuja wamejaza magari mawili, na yule mkubwa wao akakushika mkono juu ya kiwiko akasema kwa sauti ya watu wote, "Njeri, huyu wako sasa ameiva." Ukapewa mtungi wa uji ubebe pamoja na wasichana wa nyumbani. Hakuna aliyeuliza wewe ni nani. Ile picha ninayo. Tumesimama kumi na mmoja, na mtu asiyetujua hawezi kukutenga na sisi. Ulilia kwenye gari, ukaniambia ni vumbi, ndani ya gari lililofungwa vioo.

Ungeishia hapo. Tulisema miezi miwili, ikawa miaka mitatu. Mara tatu kwa wiki. Tulipaita jikoni. "Leo ninaenda jikoni." "Geuka, upande mmoja bado." Niliposema punguza, ukasema ukikaa wiki mbili unaanza kupotea, unajiona kwenye kioo cha lifti unarudi kuwa mgeni. Na mimi ningekukemea kwa mdomo upi? Unakumbuka kopo langu nyuma ya taulo, ile krimu ya kung'arisha ngozi niliyonunua kwa yule mama wa saluni? Wewe unakimbia kutoka kwenye ule mkono wa pili, mimi ninakimbia kutoka kwenye wa sita, tunapishana njiani kila asubuhi kwenye bafu moja. Ningekuwa na akili ningecheka. Kopo nililitupa siku ya mazishi yako. Vidole vyangu bado vina weusi wa ajabu kwenye viungo, na ninauacha, unikumbushe.

Na sasa sehemu ambayo hata wewe hukuijua.

Nilikuona na kidoa. Nilikiona kabla ya mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye niliyekusuka. Ulikaa sakafuni kati ya magoti yangu, umeinamisha kichwa, na chini ya shingo, pale nguo inapoanza, kulikuwa na alama ndogo kama punje ya pilipili manga. Nikasema, "Umeota urembo huku nyuma." Ukasema, "Wacha wivu." Baada ya wiki sita ulipofumuliwa na kusukwa tena, ilikuwa imepanuka upande mmoja, na ule ukingo ulikuwa na rangi mbili, nyeusi na kahawia, kama chai iliyomwagika. Niliona, Shiko. Nikaona tofauti. Nikashusha nywele juu yake nikaendelea na mstari uliofuata, maana Nyambu alikuwa analia na nilitaka kumaliza. Nilikusuka mara nne kabla damu haijaonekana kwenye taulo.

Tata alipoambiwa ni saratani ya ngozi, neno la kwanza lililomtoka, yeye nesi wa miaka ishirini, lilikuwa, "Lakini hiyo ni ya wazungu." Halafu akajisikia alichosema. Nilimwona anajisikia. Akakutazama, akaketi.

Halafu ikawa barabara. Dallas kwenda Houston, mwendo wa saa nne, tukibadilishana usukani, mpaka ukashindwa kushika usukani, mpaka mkahamia Katy kabisa ili nisiwe ninakuendesha ukitapika. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye tezi, kisha ini, kisha kichwani. Yule daktari mwanamke alikuuliza kama umewahi kutumia vitanda vya taa. Nilikuwa nimekaa karibu na sinki. Ukanitazama, ukamtazama Tata, ukasema, "Mara chache." Daktari akasema hakuna anayeweza kuapa kwamba ni kitanda peke yake kilichofanya, lakini ukianza ukiwa kijana na kurudiarudia unaiita hatari kwa jina lake, na ngozi ya aina yako haikuwa na kinga yoyote. Tata akasema ni jua la Nakuru, cucu alikuwa anakuacha ukicheza bila kofia. Cucu aliyelala kaburini akabebeshwa. Na mimi nikanyamaza karibu na sinki.

Jioni ile ukaniambia, "Usimwambie mama. Ataacha kukupenda, na mimi sitakuwepo kuwapatanisha."

Kuna neno lingine ulisema, na hilo ndilo nimegombana nalo miezi yote hii, nikiosha vyombo, nikiendesha, nikinyonyesha. Ulikuwa kwenye kochi la Katy, umefunga kitambaa kichwani, umegeuka manjano. Nikakuuliza kama unajuta. Ukasema, "Ile siku ya ruracio ningeirudia. Hiyo moja tu."

Nimejaribu kukuelewa. Ninakuelewa. Sitasema kwamba hukupata kitu kwenye kile kitanda, ningekuwa mwongo, nilikuona ukibeba ule mtungi. Wateja wangu pia walipata kitu. Kuna aliyekuja kwa sababu ya harusi, kuna aliyekuja Januari kwa sababu ya huzuni, akisema ule mwanga unamshikilia. Walitoka wakitabasamu. Lakini mimi nilikuosha mwisho, Shiko. Nilikugeuza na Tata upande hadi upande, ukiwa mwepesi kuliko Nyambu, na ile rangi yote uliyoitafuta ilikuwa imeondoka, ukawa tena mweupe kabisa, mtoto wa yule mtu mwenye kofia. Haikukaa hata ikuzike. Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Haikustahili. Hata ile siku moja. Siku ile ilitakiwa upewe bure na wale tata zetu, na yule mama wa mlangoni, na mimi. Hukutakiwa kuinunua kwa mgongo wako.

Sasa, kwa nini nimesema.

Ciru ametimiza miaka kumi na minane. Amemaliza shule, amekuwa mrefu kukupita. Unajua hakuwepo kwenye mazishi yako kwa sababu pasipoti haikutoka kwa wakati, na jambo hilo amelibeba kama jiwe. Anakwenda Nakuru Alhamisi hii, kukuona. Mwezi uliopita alinipigia simu, na anavyopenda kuchanganya lugha, akaanza na "Thoni, hebu niambie kitu, na usi-freak out," yaani nisishtuke. Amepata duka la vitanda karibu na nyumbani pale Katy. Anataka kuweka rangi kidogo kwanza, akasema, ili jua la Kenya lisimuunguze. Kwa kuwa mimi nilifanya kazi kwenye duka la namna hiyo, nimwambie ni dakika ngapi za kuanzia.

Lile la rangi ya kuanzia nililisikia kaunta kila mwaka kabla ya likizo. Ni uongo, rangi ile haikingi chochote cha maana, ni ngozi imeshaumia tayari. Nikamwambia hivyo. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Sitaki wao waniite mzungu kwa kaburi ya dada yangu."



Ningeweza kumkataza tu. Nilijaribu. Akasema, "Shiko alikuwa anaenda mara chache na hakuna kitu kilimpata huko. Mama alisema ni jua." Unaona, dada? Ule uongo uliousema kwa kunihurumia, ulikuwa unamfungulia yeye mlango. Nikipima upendo wa Tata upande mmoja na mgongo wa Ciru upande wa pili, sikuhitaji hata usiku mmoja wa kufikiri.

Jumamosi hiyo nikawafunga watoto mikanda garini, nikaenda Katy. Tata alikuwa amepika githeri, mahindi na maharagwe. Tulipomaliza kula nikachukua karatasi ya matangazo ya kanisa iliyokuwa mezani, nikageuza nyuma, nikachora mikono sita. Mimi si mchoraji, ilionekana kama uma. Chini ya kila mmoja nikachora kisanduku. Nikamweleza Ciru kila mkono una maana gani. Nikaweka kidole chake kwenye wa pili, nikasema, "Wewe ni huyu. Shiko alikuwa huyu." Kisha nikatia alama kwenye wa sita, kama nilivyotia siku ile, nikasema, "Na hivi ndivyo nilivyomwandika. Mimi, kwa mkono wangu. Miaka mitatu, mara tatu kwa wiki, kwa nafasi yangu ya bure. Na kidoa nilikiona mapema nikakifunika na nywele."

Ciru alisema, "Kumbe ni wewe." Hakupaza sauti. Akainuka akaingia chumbani, nikasikia kitasa.

Tata alikuwa bado ameshika kijiko. Akaitazama ile karatasi muda mrefu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Akasema, "Nilimwosha Shiko mgongo mpaka akawa na miaka kumi na mbili. Halafu nikaacha kuutazama. Mimi, ninayetazama migongo ya watu kutwa nzima." Kisha akasema, "Cucu nimemsingizia." Kisha akakusanya sahani. Nilipoinuka kumsaidia akasema bila kugeuka, "Funga watoto vizuri. Barabara ni ndefu." Hakutoka mlangoni kutuaga. Unamjua Tata, hata mwuza bima humsindikiza hadi kwenye gari. Nyambu akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini shosho, bibi yake, hajapunga mkono. Nikamwambia amechoka.

Wiki tatu hakunipigia simu. Nilimtumia salamu za asubuhi kama kawaida, zikasomwa, zikakaa. Kazini nilimpaka mzee mmoja sabuni mara mbili nikisahau. Nilimwambia Kamau nimempoteza mama mwingine. Akasema, "Ngoja." Ninachukia neno hilo, lakini hakukosea.

Wiki iliyopita simu ikalia nikiwa foleni ya dukani. Tata. Hakunisalimu. Akasema, "Ciru anataka kusukwa kabla ya safari. Jumamosi. Usichelewe."

Sikuchelewa. Ciru alikuwa amekaa sakafuni tayari, kichana mkononi. Nikasuka hadi katikati ya kichwa. Ndipo akasema, mgongo kwangu, "Ni-li-cancel hiyo kitanda." Nikasema asante. Akasema, "Sikufanya kwa sababu yako." Nikasema najua.

Nilipomaliza, Tata akaja na taa ya mezani na ile rula ya karatasi ya kupimia vidonda. Akamwambia Ciru avue blauzi. Basi tukamtazama mgongo, mimi nikishika taa, Tata akipima, kidoa baada ya kidoa, kila kimoja akikiandika kwenye daftari: mahali, upana, rangi. Viwili akavitia duara, akaonwe na daktari akirudi. Ciru akasema tunamtekenya. Tata akasema, "Tulia, wewe." Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile aliyokuwa akitukemea nayo sisi wawili.

Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kukusanya nywele zilizoanguka. Tata akasema, "Na wewe, Thoni. Vua viatu."

Nikamwambia mimi ni mweusi, Tata, yangu haina shida. Maneno yalipotoka nikayasikia, kama yeye alivyojisikia siku ile. Akasema, "Sisi inatujia kwenye nyayo na chini ya kucha, mahali hakuna anayetazama. Lete mguu." Akapiga magoti, Shiko. Mama yako, na magoti yale mabovu. Akashika mguu wangu akaugeuza kwenye mwanga, akafungua kila kidole, polepole, kama vile anatafuta mwiba. Kisha wa pili. Kisha viganja. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Kwenye daftari, chini ya jina la Ciru, akaandika Muthoni, na tarehe, na safi.

Nguo zimeacha kuzunguka. Sina muda.

Barua hii atakuletea Ciru. Kiswahili cha kuandikwa kinamshinda, kwa hiyo hataisoma, ataiweka tu chini ya jiwe. Anakuja kama alivyo. Nimemwambia watoto wa jirani watamwita mzungu, na shangazi mmoja atamshika nywele, na yeye aseme jina lake na la mama yake na aendelee kutembea. Amebeba kofia pana na mafuta ya kuzuia jua, chupa mbili. Wamama wa kanisa walicheka waliponiona ninampaka Nyambu hayohayo, wakaniuliza tangu lini mtoto wa Kamau akawa wa wazungu. Niliwajibu. Sikuwajibu kwa upole.

Ninakuahidi hili, nalo liko ndani ya uwezo wangu, silikuzi. Kila wiki sita nitakwenda Katy kumsuka Ciru, na nitaanza na shingo, na sitashusha nywele juu ya kitu chochote bila kukiangalia hadi mwisho, mtoto alie asilie. Wanjiku huyu akikua nitamwonyesha ile karatasi ya mikono sita, na nitamwambia ni mkono upi ulikuwa wako. Jumapili hii nilimwomba yule mama wa mlangoni anipe kadi moja ya wageni. Nikaandika jina lako, nikaichana vipande viwili mbele yake. Hakuelewa. Siku moja nitamweleza.

Lala, dada. Lala kwa mgongo, hauungui tena.

Ameamka.

Thoni wako